Ziwa Lipo, Meli Ipo, Mzigo Uko Wapi? Hii Ndio Stori ya Bandari ya Kisumu

Ukipanda basi ya usiku kutoka Nairobi kwenda Kisumu ama Busia, kuna kitu utaona hata kama ulikuwa umepanga kulala njia yote: matrela. Kuanzia Mai Mahiu hadi Salgaa ni taa nyekundu za nyuma zimepangana kama shanga. Hii ina kontena, ile ina mafuta, ingine imebeba vyuma, na dere wa basi yenu anatafuta nafasi ya kuovateki huku abiria wote wamekunja miguu. Mingi ya hiyo mizigo si yetu. Inaenda Uganda, na ingine inapitiliza hadi Rwanda, Sudan Kusini na Kongo.

Sasa fungua ramani kwa simu yako. Ukifika Kisumu, mbele yako kuna ziwa. Si kidimbwi, wasee. Ni ziwa kubwa kuliko yote Afrika, zaidi ya kilomita mraba 68,000, na upande wa pili ni Port Bell, kilomita chache tu kutoka katikati ya Kampala. (Ndio, ile beer ya Bell ilitoa jina hapo hapo.) Maji hayana matuta, hayana mashimo, na hakuna mtu huyapaka lami kila mwaka wa kura.

Na kitambo mzigo ulikuwa unapitia huko. Si mtumbwi wa kubeba omena, tunaongea meli kubwa zenye reli ndani, treni inaingia na mabehewa yake mazima, inavuka ziwa usiku, inatokea Uganda. Kwa zaidi ya miaka kumi hiyo kazi ikakufa kabisa upande wetu. Meli ikakaa gatini Kisumu ikiota kutu, na trela zikaongezeka barabarani. Kwani nani aliamua hivo?

Hakuna mtu aliamua. Hapo ndio hii stori inakuwa noma.

Kwanza, juu ya nini maji ni bei ya chini

Kitu kinachoelea kinabebwa na maji. Injini ya lori inapigana na mlima, inapigana na tairi zinazosugua lami, inapigana na uzito wa lori lenyewe. Injini ya meli kazi yake kubwa ni kusukuma tu, tena polepole. Wazungu waligundua hii hesabu kabla hata injini hazijakuja. Kwa barabara mbovu za Uingereza ya zamani, farasi mmoja alivuta gari la tani moja ama mbili na akachoka. Farasi huyo huyo ukimfunga kamba kwa boti ya mfereji, yeye akitembea kando ya maji, alivuta tani 25 hadi 30. Chakula ni ile ile, mshahara wa mwenye farasi ni ule ule, mzigo ni mara kumi na zaidi.

Mambo hayajabadilika sana. Kwa mto Mississippi kule Marekani, boti moja ya kusukuma hufungiwa matishari 15 mbele yake, kila moja na kama tani 1,500. Hiyo ni zaidi ya tani 20,000 kwa safari moja. Kwa trela zetu za kawaida ni kama malori 800. Hebu fikiria malori 800 yakipanda mlima wa Timboroa.

Lakini kuna kanyaga hapa, na kama hujaielewa hutaelewa venye Kisumu ililala. Maji ni bei ya chini katikati ya safari pekee. Mwanzoni na mwishoni, bei ni ingine. Mzigo lazima ufike bandarini, utolewe kwa treni ama lori, uingizwe melini, uvuke, utolewe tena, upakiwe tena, upelekwe kwa mwenyewe. Kila mara mzigo unaposhikwa na mkono ama kreni, kuna mtu analipwa, kuna kitu kinapotea, kuna siku inaisha. Lori halina hiyo shida. Linapakia Mombasa, dere anameza chai, na mlango unafunguliwa tena Kampala.

Kwa hivyo meli haiwezi kufanya kazi solo. Ni pingu moja kwa mnyororo, na mnyororo ukikatika popote, ata ukiwa na meli mpya inang'aa, ni pambo tu.

Meli iliyobebwa kwa kichwa

Reli kutoka Mombasa ilianza kujengwa 1896 na ikafika ziwani Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence wakati huo. Leo ni Kisumu. Watu husema reli ilijengwa kwenda Uganda, na jina lenyewe lilikuwa Uganda Railway, lakini haikufika Uganda. Iliishia majini. Kutoka hapo mpaka ng'ambo ilikuwa kazi ya meli. Yaani ziwa lilikuwa kipande cha reli tangu siku ya kwanza.

Waingereza walikuwa na haraka hadi hawakungoja treni. Meli ya mvuke iliyoitwa William Mackinnon ilitengenezwa Scotland, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Mombasa katikati ya miaka ya 1890, kisha vipande vikaanza safari ya bara vikibebwa na wapagazi. Binadamu, na chuma cha meli kwa kichwa, katikati ya nyika. Iliunganishwa ziwani na kuingia majini 1900, kabla reli haijafika. Baadaye zikaja Winifred, Sybil, Clement Hill na zingine, zote kwa mtindo ule ule wa kuletwa vipande na kuunganishwa Kisumu.

Hizo meli ndizo zilitoa pamba na kahawa ya Uganda. Zilizunguka ziwa lote: Entebbe, Port Bell, Jinja, Bukoba, Mwanza, Musoma. Upande wetu zilisimama Kendu Bay na Homa Bay. Wazee wa South Nyanza watakuambia mahindi yao yalijua njia ya Kisumu kabla barabara haijajua.

Pigo la kwanza lilikuja 1931, na lilitoka kwa ndugu wa damu. Reli ilipitishwa Nakuru, Eldoret, ikaingia Uganda, ikavuka Nile pale Jinja na kufika Kampala. Sasa mzigo wa Kampala ungeweza kutoka Mombasa bila kugusa maji. Meli zikapoteza soko lao kubwa mara moja, lakini hazikufa, juu bosi wa treni na bosi wa meli alikuwa mmoja. Shirika moja la reli la Afrika Mashariki lilimiliki reli, bandari za ziwa, na meli zenyewe. Mzigo ukijaa njia moja, unapitishwa ingine.

Na katika miaka ya 1960 wakafanya kitu smart sana. Waliagiza feri mbili za mabehewa kutoka Scotland, zikaja vipande na kuunganishwa Kisumu. Ya kwanza ikaitwa Umoja. Ya pili, 1966, ikaitwa Uhuru. Ukiangalia hayo majina utajua watu walikuwa na matumaini gani wakati huo.

Siri ya hizo feri iko sakafuni: zina reli. Gatini kuna daraja la chuma lenye reli pia, linaloinuka na kushuka kulingana na maji. Meli inarudi kinyumenyume, reli ya nchi kavu inakutana na reli ya meli, kichwa cha treni kinasukuma mabehewa hadi ndani, kinajitoa, na meli inaondoka. Feri moja inameza mabehewa 22, zaidi ya tani 1,000. Ng'ambo kichwa kingine kinayavuta nje na safari inaendelea. Hakuna gunia limebebwa. Hakuna kreni. Ile gharama ya kushika mzigo mara mbili, iliyoua biashara ya maji nchi nyingi, iliondolewa kwa vipande vya reli vilivyopigwa misumari kwa sakafu ya meli.

Venye mnyororo ulikatika

Ya kwanza ilikuwa siasa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, na lile shirika moja la reli likagawanywa mara tatu kama nguo za marehemu. Kenya ikachukua Uhuru. Tanzania ikabaki na Umoja. Tanzania pia ikafunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi 1983. Kwa miaka sita ziwa ambalo lilikuwa uwanja mmoja likawa na mstari katikati ambao huwezi kuuona kwa macho ila unauona kwa mfuko. Uganda, iliyoachwa bila feri ya mabehewa, ikaenda Ubelgiji kujitafutia zake: Kabalega, Pamba na Kaawa, zilizokuja miaka ya 1980.

Ya pili ilikuwa polepole na ndio mbaya zaidi, reli yenyewe kuzeeka. Vichwa vya treni vikaharibika bila kutengenezwa, mabehewa yakapungua, safari iliyopaswa kuchukua siku ikachukua wiki. Mfanyabiashara si mtu wa kuonea treni huruma. Anahesabu siku. Kontena ikikaa wiki mbili njiani, hiyo ni doh imelala, na benki haijali kama ni treni ilizima. Wakaanza kuhamia kwa malori mmoja mmoja.

Katikati ya hiyo, gugu maji likaingia. Hii mimea ya kijani yenye maua ya zambarau ilionekana kwa ziwa mwisho wa miaka ya 1980, na kufika 1998 ilikuwa imefunika maelfu ya hekta. Ghuba ya Winam, ambako Kisumu iko, ni kama mfuko: mdomo mwembamba, ndani hakuna kina kirefu, na maji machafu ya mito na mji yanalisha mimea. Upepo ukivuma kutoka ziwani, zulia lote linasukumwa hadi gatini. Kuna siku ungetazama bandari ya Kisumu ukadhani ni shamba la sukuma wiki. Wadudu walioletwa kuila walisaidia sana, lakini hurudi kila mara.

Kisha Mei 2005, Kabalega na Kaawa zikagongana usiku ziwani. Ndio, meli mbili za nchi moja, kampuni moja, kwa ziwa lote lile. Kabalega ikazama. Uganda ikaziondoa kazini zilizobaki, na mwaka uliofuata maji ya ziwa yakashuka kuliko yalivyokuwa kwa miongo mingi, hadi gati zikaanza kuwa mbali na maji zilizojengewa.

Reli za Kenya na Uganda zikapewa mwekezaji binafsi, Rift Valley Railways, iliyochukua usukani Novemba 2006 kwa mkataba wa miaka 25. Walipaswa kufufua kila kitu. Mwaka mmoja baadaye ikaja ile kura ya 2007 na vurugu zake, na reli ikang'olewa Kibera. Mzigo wa Uganda ukakwama. Mkataba wenyewe haukumaliza: ulivunjwa 2017. Njia ya Nakuru hadi Kisumu ililala miaka, nyasi zikaota katikati ya mataruma, na Uhuru ikabaki gatini kwa sababu rahisi sana: feri ya mabehewa bila treni haina cha kubeba.

Hii ndio tofauti kati ya Kisumu na sehemu zingine duniani. Uingereza, mifereji iliuawa na reli. Mfereji wa Bridgewater ulifunguliwa 1761 na inasemekana ulipunguza bei ya makaa Manchester kwa nusu, kila tajiri akataka wa kwake, wakachimba maelfu ya kilomita. Kisha 1830 treni ya Liverpool na Manchester ikaanza, na boti zenye upana wa futi saba zikaanza kushindana na kitu chenye mwendo mara kumi. Malori yakamalizia. Baridi kali ya 1962 na 1963 ikagandisha mifereji kwa wiki nyingi, wateja wakatafuta njia ingine na hawakurudi. Leo hiyo mifereji imejaa boti, lakini za kuishi na kula bata, si za mzigo.

Kule treni ilikuwa adui. Huku treni ilikuwa mguu wa pili wa meli. Ilipovunjika, meli ikaanguka nayo, na lori ambalo halihitaji mwenzake likabaki limesimama peke yake. Kwa hivyo mtu akikuambia usafiri wa ziwa ulikufa juu ni wa kizamani, mkatalie. Mto Rhine kule Ujerumani na Uholanzi bado unabeba makaa, mafuta na makontena kila siku, juu bandari zake zina reli, kreni na ratiba.

Bili inalipwa na nani?

Kuna watu walifaidika na hii mabadiliko na ni lazima tuseme ukweli. Mai Mahiu, Salgaa, Malaba, Mlolongo: hizi ni taun za malori. Mama wa chapo, fundi wa tairi, wenye lojing'i, wasee wa kuosha lori, dere mwenyewe na tanboi wake, wote wanakula kwa sababu mzigo uko barabarani. Ukiambia Salgaa kwamba mafuta yote ya Uganda yatapita majini, usitegemee wakupigie makofi.

Lakini bili iko, na inalipwa na watu ambao hawana lori.

Tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilianguka Sachangwan karibu na Salgaa. Watu wakatoka na mitungi. Moto ukawaka. Zaidi ya watu 100 wakafa. Julai 2021, usiku, lori lingine la petroli likaanguka Malanga, Siaya, kwa barabara ya Kisumu kwenda Busia. Stori ile ile: mitungi, giza, kisha moto. Wengine walikuwa watoto. Angalau watu 13 hawakurudi nyumbani.

Angalia hiyo ya Malanga vizuri. Mafuta yetu hufika Kisumu kwa bomba kutoka Mombasa, bila lori hata moja. Kutoka Kisumu ndio malori huchukua yale ya kuvuka Busia. Kipande hicho cha mwisho, kinachopita kwa vijiji, masoko na mashule, ndicho kipande ambacho kina ziwa kando yake. Siwezi kusema meli ingeokoa wale watu. Ninachosema ni kwamba kwa maji, mafuta hayapiti mbele ya boma la mtu.

Ng'ambo pia wamelipa. Januari 2022, madereva waligoma Malaba na Busia kwa sababu ya vipimo vya korona vya lazima. Foleni ikarefuka kwa makumi ya kilomita, na petroli Uganda ikapanda bei vibaya ndani ya siku chache, kwingine ikaisha kabisa. Nchi nzima ilikuwa inanywa kwa mrija mmoja na mtu aliukanyaga.

Saa hii mambo yako wapi

Kuna kurudi kwa kweli, tusikatae. 2018, Umoja ilitengenezwa Mwanza na Shirika la Mpango wa Chakula la UN likaanza kupitisha chakula kwa maji hadi Port Bell. Mwisho wa 2019, Uhuru nayo ikaamka na kuvusha mabehewa ya mafuta baada ya kulala zaidi ya miaka kumi. Bandari ya Kisumu ikakarabatiwa, reli ya zamani kutoka Nakuru ikarekebishwa na treni zikarudi Kisumu Desemba 2021. 2023 ikaja Uhuru II, meli ya mita 100 iliyoundwa hapo hapo Kisumu na Kenya Shipyards, yenye uwezo wa tani 1,800. Mara hii hakuna mtu alibeba kipande kutoka Mombasa kwa kichwa.

Upande wa mafuta kuna kitu kikubwa zaidi. Kenya Pipeline ilijenga gati la mafuta Kisumu, likakaa miaka bila kazi juu ng'ambo hakukuwa na pa kupokelea. Unaona ule mnyororo tena? Sasa Uganda ina kituo cha mafuta Bugiri-Bukasa karibu na Entebbe, na meli ya mafuta inaitwa Kabaka Mutebi II, inayobeba lita milioni 4.5. Lori moja hubeba lita 35,000 ama 40,000. Piga hesabu: safari moja ni zaidi ya malori 110.

Lakini kuna shida mbili ambazo hazimalizwi na kukata utepe.

Ya kwanza ni upana wa reli. SGR, ile ya Mchina, ina upana wa milimita 1,435. Reli ya zamani, ile ya mkoloni, ni mita moja kamili, yaani 1,000. Na reli zilizo ndani ya tumbo la Uhuru ni za zamani. SGR imefika Naivasha na kusimama, kwa hivyo kontena likitoka Mombasa linateremshwa hapo, linapandishwa kwa behewa la zamani, ndio lifike Kisumu. Ile gharama ya kushika mzigo mara mbili ambayo wahandisi wa miaka ya 1960 waliimaliza, tumeirudisha kwa pesa nyingi. Serikali imeahidi mara kadhaa kufikisha SGR Kisumu na Malaba. Siku ikifika Kisumu bado itabidi mtu ajibu swali: behewa la SGR litaingiaje kwa feri yenye reli nyembamba? Ama makontena yainuliwe kwa kreni, ama feri zibadilishwe. Hilo ni la kuuliza kabla, si baada.

Ya pili ni mzigo wa kurudi. Behewa la mafuta likienda limejaa, linarudi tupu. Huwezi kurudisha kahawa ndani ya tangi la dizeli. Uganda ina kahawa, mahindi, mbao, maziwa, na dere wa lori wa kontena hutafuta hivyo vitu soko kwa soko hadi apate wa kurudi naye. Meli haiwezi kuzunguka masoko. Inahitaji mtu aukusanye mzigo mapema na kuupanga gatini siku inayojulikana, na hiyo inahitaji ratiba ambayo mfanyabiashara anaiamini. Mwenye duka Kikuubo, pale Kampala, hatapanga mzigo wake kwa meli ambayo leo iko na wiki ijayo inangoja mabehewa.

Na Tanzania haijalala. SGR yao inafanya kazi kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma tangu 2024 na wanaendelea kuijenga kuelekea Mwanza, mji ulio kwa maji yale yale. Ikifika kabla yetu, mzigo wa Kampala unaweza kuvuka ziwa kutoka kusini, na Kisumu itakuwa inaangalia meli zikipita mbali.

Kuna watu tayari walilipia hii ndoto. 2019, wakati bandari ilikuwa inatayarishwa, vibanda vya samaki vya Lwang'ni, pale kila msee aliyewahi kutembea Kisumu alikula ngege na ugali akiangalia maji, vilibomolewa kupisha bandari na ardhi ya reli. Wamama waliokaanga samaki hapo miaka na miaka walihamisha sufuria zao wakiambiwa meli zinarudi, kazi zinakuja. Ukipita Kisumu, muulize mmoja wao meli imetoka mara ngapi mwezi huu. Hao huhesabu.